Treni ya Mtaa wa Sikukuu

Harufu ya dagaa wakavu ikinikuta barabarani, miguu inasimama yenyewe. Sisemi dagaa wa kwenye sufuria, hao hawana neno. Nasema harufu ya magunia, yamepangwa mpaka yanagusa mabati, yamesafiri siku tatu ndani ya behewa la moto na yamefika Dar es Salaam yakitoa joto kama wanyama. Ndani ya harufu hiyo kuna mchanga wa ziwa, kuna kamba ya katani, kuna kitu kama jasho la mtu aliyelala. Juu ya magunia ya namna hiyo nililala wiki saba, nikiwa na miaka kumi na moja, kwenye ghala la Bwana Zuberi, Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Watu huniuliza kwa nini nyumbani kwangu dagaa hawaingii. Huwaambia wananiumiza tumbo. Leo nasema kweli. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo anayetaka maandishi ya kupendeza atafute kwa wenzangu. Mimi nimekaa hapa kutaja majina.

Jina la kwanza ni hilo hilo, Bwana Zuberi. Alikuwa anauza dagaa kwa jumla, na alikuwa mwenye vyombo. Kijana wa leo haelewi maana yake. Miaka ile ya kupanga foleni ya sukari, mwanamuziki hakuwa na gitaa lake, wala tumba zake, wala hata waya mmoja wa kuungia spika. Vyombo vyote vilikuwa vya tajiri, na wewe ulikuwa na vidole vyako tu. Ukigombana naye uliondoka na vidole hivyo hivyo, ukaenda kuvibembeleza kwa tajiri mwingine. Na bendi ilipotaka kutoa nyimbo mpya ilikwenda kambini, yaani wanamuziki walifungiwa mahali wakatunga na kufanya mazoezi, wasionane na mtu, ili nyimbo zisidakwe na wapinzani kabla hazijapigwa ukumbini. Wengine kambi yao ilikuwa shambani, wengine ufukweni. Yetu ilikuwa nyuma ya ghala la dagaa, chumba kirefu kisicho na dirisha ila matundu manne karibu na dari, yenye nondo. Mlango ulikuwa mmoja, wa chuma, komeo lake kwa nje.

Tulikuwa wanaume tisa na watoto wawili. Bwana Zuberi alikuwa amepata wazo kwamba bendi yake itaishinda ile ya Magomeni iwapo itapanda jukwaani na watoto. Akatushonea suti nyeupe za drili na tai nyekundu, akatuahidi safari: bendi ikitoka kambini itapanda treni na kupiga mji kwa mji mpaka Kigoma. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya mluzi. Nilikuwa nikisikia wimbo mara moja naupiga wote kwa midomo, pamoja na vipande vya gitaa, na pale kwetu Magomeni watu walinisimamisha njiani niwapigie. Mama alikubali upesi. Alisema angalau huko nitakula. Mwenzangu aliitwa Mawazo.

Mawazo alikuwa mwembamba, ana masikio makubwa, na alinizidi mwaka mmoja ambao aliutumia sana. Kwao ni Kigoma. Baba yake alikuwa akisukuma mkokoteni hapo hapo Kariakoo, akipeleka magunia ya Bwana Zuberi kutoka stesheni hadi ghalani, na ndivyo mtoto alivyoonekana: aliimba juu ya mzigo, baba anasukuma, sauti inapita juu ya kelele za soko zima kama kitu kilichopakwa mafuta. Siku ya kwanza kambini alinipima kutoka kichwani hadi miguuni.

“Mtoto wa Magomeni,” akasema, “wewe umewahi kupanda nini zaidi ya mwembe?”

“Nimepanda basi.”

“Basi la wapi?”

“La kwenda Kivukoni.”

“Hilo nalijua. Abiria wanateremka wanalisukuma. Sasa hapo umelipanda wewe au limekupanda?”

Wanaume wote wakacheka, hata Kassimu, mpiga solo, aliyekuwa kiongozi wetu na ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa nadra. Nilimchukia Mawazo mpaka adhuhuri. Baada ya adhuhuri sijamchukia tena mpaka leo.

Mchana, joto lilipozidi na wakubwa wamelala, tulipanda juu ya magunia, mgongo karibu na bati, na Mawazo akanisafirisha. Sina neno jingine. Mwanga ulikuwa unaingia kwenye matundu yale manne kama fito nne, na ndani ya kila fito vumbi la dagaa lilikuwa linapanda na kushuka, magamba madogo yanametameta. Alikuwa anaanza kwa kugonga gunia kwa ngumi, taratibu, kisha haraka, mpaka ghala linaondoka. Naapa lilikuwa linaondoka. Pugu, anasema, na minazi inabaki nyuma. Ruvu, maji mekundu. Morogoro, kinamama wanakimbia chini ya madirisha na machungwa kichwani. Kilosa, Gulwe, Dodoma, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Saranda, kuku wa kuchoma, ukizubaa unapewa kunguru. Manyoni, Itigi, msitu ambao dereva wa treni anaupita amefumba macho. Tabora, asali ndani ya chupa za bia. Urambo, Kaliua, Nguruka. Uvinza, chumvi, na hapo, alisema, ni lazima ushuke ulambe ardhi kidogo, la sivyo ziwa halitakupokea. Halafu Kigoma. Kigoma hakuielezea. Alinyoosha mkono tu kuonyesha kitu kipana, na mimi nikaona maji.

Nilikuwa sijatoka nje ya mji, sijavuka hata pantoni kwenda Kigamboni, lakini kwa wiki tatu nilisafiri kila siku kwenda na kurudi. Kuna vituo ambavyo mpaka leo sina hakika kama nimeviona kwa macho au kwa sauti yake.

Kassimu alikuwa anasikiliza. Tulidhani amelala kumbe anasikiliza, kwa sababu siku moja alishika gitaa akaanza kutembea na zile stesheni, moja moja, akaweka na maneno ya mtu anayerudi kwao baada ya miaka mingi, na kiitikio akatupa sisi: Mawazo anaita kituo, mimi naitikia kwa mluzi kama king’ora cha treni. Omari, mpiga tumba, mtu wa Bagamoyo mwenye mikono mizito na moyo mwepesi, alipousikia mzima mara ya kwanza alitoka kwenye tumba zake akaenda kuegemea ukuta. “Huu,” alisema, “tukiupiga Jumapili moja tu, mji huu hautalala.” Bwana Zuberi aliletwa kuusikia. Akakaa juu ya gunia, amefumba macho, akatusikiliza mara tatu. Kisha akasema mtu asitoe hata pumzi ya wimbo huu nje ya mlango ule.

Sasa linakuja jina la pili, Shabani Kijiko. Wiki ya nne niliruhusiwa Jumapili kwenda kumwona mama, na Shabani Kijiko alikuwa jirani yetu, anapiga gitaa la kati kwenye bendi ya wapinzani. Alinikuta kibarazani. Hakuniuliza kitu. Alininunulia soda ya baridi, na soda miaka ile haikuwa mchezo, ukiiona unaiota. Akaniacha ninywe nusu. “Mluzi bwana,” akasema, “nimesikia huko kambini wanakusahau. Eti wanakupa kupiga makofi tu.” Nikasema si kweli. “Mbona ndivyo watu wanavyosema? Wanasema mwimbaji ni yule mtoto wa bara, wewe umewekwa kujaza suti.” Basi nikamwonyesha. Nilimpigia wimbo wa treni kuanzia mwanzo mpaka mwisho, solo na besi na kiitikio, na alipoomba nirudie pale katikati nilirudia, na aliponiambia hebu taratibu zaidi, nilikwenda taratibu zaidi. Nilidhani ananisifu. Alikuwa anatikisa kichwa, na vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinabonyeza paja la suruali yake.

Jumapili iliyofuata wapinzani waliupiga kwenye bugi, dansi lile la mchana, ukumbi umejaa. Jumatatu mitaa yote ya Kariakoo ilikuwa inauimba. Tuliusikia sisi wenyewe kutoka kwenye matundu: mpagazi anapita na mzigo anauimba wimbo wetu, tena anaukosea. Bwana Zuberi aliingia, akatusimamisha mstari. Hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu nani kautoa. Kisha akajibu mwenyewe, akamnyooshea kidole Mawazo, maana yeye ndiye aliyekuwa akizungumza na wapagazi wenzake na baba yake pale mlangoni kila gunia lilipoingia. Akampiga kofi. Mawazo akanitazama mimi, si yeye. Nami nikatazama viatu vyangu.

Alasiri ile tulipanda juu ya magunia kama kawaida. Shavu lake lilikuwa limevimba.

“Najua ni wewe,” akasema.

“Umejuaje?”

“Ulirudi una furaha. Halafu ulikuwa unanuka soda.”

Nikaanza kulia. Nikasema nakwenda kumwambia Bwana Zuberi sasa hivi. Akanishika mguu. “Acha ujinga. Mimi hawawezi kunifukuza, mimi ndiye mwenye sauti. Wewe watakufukuza leo leo. Halafu nitasafiri na nani?” Akagonga gunia. “Haya. Pugu.”

Kuanzia siku hiyo kufuli likaja. Zamani mlango ulisukumwa tu, na mlinzi alikaa nje, tukitaka hewa tunasimama kizingitini. Sasa likaja kufuli la shaba, kubwa kama ngumi ya mtu mzima, na ufunguo wake mmoja Bwana Zuberi aliuning’iniza kiunoni. Mlinzi akaondolewa, maana naye alishukiwa ana masikio. Matundu yale manne yakazibwa kwa magunia matupu ili sauti isitoke. Fito za mwanga zikatoweka. Chakula kiliingia mara moja kwa siku, asubuhi, Bwana Zuberi mwenyewe anafungua, anasimama mlangoni mpaka sufuria iingie, anafunga. Kassimu akaamriwa atunge wimbo mwingine wa kuua ule. Hakuna kilichotoka. Utatunga nini gizani, jasho linadondoka kwenye nyuzi, wanaume tisa wanakwaruzana kwa sababu ya nani kakojoa nje ya shimo. Tulikuwa katikati ya Kariakoo, watu maelfu wanapita hatua chache kutoka tulipo, tunasikia mikokoteni, tunasikia wauza kahawa wakigonganisha vikombe, na hakuna aliyejua kuwa tumefungiwa.

Mawazo aliendelea kunisafirisha, ila sasa gizani. Jumatatu ya wiki ya saba alianza kutetemeka. Jumanne treni ilibadilika. Alikuwa anapanga vituo vizuri mpaka Tabora, halafu reli inaingia ndani ya ziwa, na abiria hawashuki, wanakaa wanatazama samaki dirishani, na kila samaki ana tai nyekundu. Nilicheka, nilidhani ni kichekesho kipya. Niliposhika mkono wake nikaona unaunguza.

Jumatano asubuhi mlango ulipofunguliwa Omari alimwambia tajiri, “Bwana Zuberi, huyu mtoto apelekwe hospitali. Homa hii si ya kuchezea.”

“Huyu?” Bwana Zuberi akasema. “Leo homa, kesho yuko Magomeni anauza wimbo wa pili. Atapona humu humu.” Akatoa mfukoni vidonge viwili vya maumivu ya kichwa, akampa Kassimu, akafunga.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko kalamu hii ilivyo karibu na daftari. Nilikuwa na maneno mawili ya kusema, ni mimi, basi. Kama ningeyasema, mtoto yule angekuwa mgonjwa tu, si mwizi anayejifanya mgonjwa. Sikuyasema. Alhamisi mlango ulifunguliwa tena, na tena sikuyasema. Kassimu naye, na hili ni jina la tatu, alikuwa kiongozi, neno lake lilisikilizwa, na siku zote mbili alipokea sufuria akasema asante tajiri. Alikuwa ameahidiwa gitaa jipya.

Ijumaa Bwana Zuberi alikuja mapema, amevaa kanzu ya pasi. Alikuwa anavuka kwenda Kigamboni kwenye harusi ya ndugu yake. Akasema atarudi baada ya swala. Haikufika saa nne Mawazo alianza kukakamaa shingo na kugeuza macho. Omari akapiga mlango kwa ngumi. Kassimu akamshika mkono.

“Unataka mji mzima ujue tupo humu?”

“Mtoto anakufa, Kassimu!”

“Ana homa. Nani hapa hajaumwa homa? Tajiri anarudi baada ya swala.”

Waligombana mpaka adhana. Swala ikaisha, tukasikia kanzu na kandambili zikipita nje, hakuna aliyefungua. Hapo hata Kassimu aliusogelea mlango. Wanaume walijaribu kuutikisa mlango, ukawa kama wanatikisa jengo. Walipiga kelele, wote kwa pamoja, fungueni, fungueni jamani. Magunia ya kwenye matundu yalikuwa yamesokomezwa kwa miti kutoka nje, hayatoki. Ndipo Omari akavuta tumba zote tatu mpaka mlangoni. Alisema ngozi inasikika mbali kuliko koo. Akazipiga kama sijawahi kusikia mtu akipiga, mikono inavimba, na sisi tunapaza sauti juu yake, fungueni, na mpiga besi anagonga chuma kwa kiti.

Na watu wakasikia. Tuliwasikia wanakuja. Kwanza vigelegele vya mwanamke mmoja. Kisha makofi. Kisha miguu, wengi, barazani kwa nje, wanacheza. Tukisema fungueni, wao wanaitikia fungueni. Mtu mmoja akapaza sauti, “Wacha we! Leo wamepata kitu!” Omari alikuwa analia huku anapiga, kwa sababu akiacha watatawanyika, na akiendelea watacheza. Jinsi alivyozidi kupiga kwa uchungu ndivyo walivyozidi kunogewa. Ng’ambo ya barabara kulikuwa na duka la sabuni na misumari la Mama Aika, mama wa Kimachame, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mtu mwema kabisa. Aliniambia miaka mingi baadaye, analia, kwamba alitoka dukani akasimama mlangoni na kutingisha mabega. Alisema, “Mwanangu, sijawahi kusikia ngoma tamu kama ile.” Jina lake silitaji miongoni mwa wale. Nalitaja kwa sababu mwenyewe aliniomba nilitaje.

Mimi nilikuwa nimempakata Mawazo kichwa. Alisikia ngoma, akafungua macho. “Tumeanza safari?” akauliza. Nikasema ndiyo.

Aliyetutoa ni mzigo. Saa tisa hivi baba yake Mawazo alifika na mkokoteni kutoka stesheni, magunia kumi ya dagaa mapya, akawakuta watu wanacheza. Akawasukuma, akagonga, “Mzigo umefika! Fungueni!” Omari akaacha tumba. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi pakawa kimya, na katika kimya hicho akasema, mdomo kwenye ufa wa mlango, “Ufunguo hatuna. Mwanao yumo humu, anakufa.” Tulisikia anakimbia, tukasikia sauti ya Mama Aika, tukasikia nyundo. Kufuli lilikubali pigo la sita au la saba. Mwanga uliingia wote kwa mara moja, ukatupiga kama maji, na ndani ya mwanga yule mzee wa watu alikuwa amesimama na nyundo, nyuma yake watu waliokuwa wanacheza, mikono bado iko juu.

Alimwaga magunia yake kumi barabarani. Akamlaza mwanawe ubaoni, bado pana joto la dagaa, akasukuma. Mimi nikakimbia ubavuni. Ijumaa alasiri Kariakoo hapapitiki. Alipiga kelele, mgonjwa, mgonjwa, na hakuna aliyesogea, watu wanajadiliana bei ya nyanya. Ndipo akabadilisha, akapaza sauti ile ya kazi yake ya kila siku, “Mzigo! Mzigo huo!” na watu wakapisha bila hata kugeuka. Akaendelea hivyo hivyo njia nzima, analia na kumwita mwanawe mzigo.

Mawazo alikuwa anatazama juu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. “Tumefika wapi?” akaniuliza.

Nikaangalia mbele, nikaona bado ni mbali. Nikasema, “Morogoro. Machungwa hayo.” Nikakimbia, nikasema Kilosa, nikasema Dodoma. Nikaona macho yake yanakwenda, nikaharakisha. Saranda, Tabora, Kaliua, Nguruka. Nilitaka afike. Nikasema, “Kigoma! Mawazo, Kigoma hii hapa, tumefika!”

Akageuza uso kidogo kunitazama, kama siku ile ya basi.

“Umeruka Uvinza,” akasema.

Hakusema tena. Tulifika hospitali baba yake bado anasukuma, bado anaita mzigo, na mimi nilikuwa nimeshajua.

Bwana Zuberi alirudi jioni, akinukia pilau na udi. Watu wa mtaa mzima walikuwa wamesimama mbele ya ghala lake. Alilitazama kufuli lililokuwa chini, akaliokota. Neno lake la kwanza, na mashahidi walikuwepo, lilikuwa: “Nani kavunja?” Baadaye alitoa sanda, akakodi gari la mazishi, akalia makaburini, na watu wakasema ana roho nzuri. Hakuna aliyemshitaki. Baba yake Mawazo aliambiwa ni homa, na homa ni kazi ya Mungu. Aliuacha mkokoteni hapo hapo nje ya hospitali na sikumwona tena. Wanasema alirudi kwao kwa miguu. Mimi sisemi ni kweli, nasema ndivyo wanavyosema.

Na safari ilifanyika. Wengi wanadhani haikufanyika. Miezi miwili baadaye tulipanda treni, Kassimu na gitaa lake jipya, mtoto mwingine ndani ya suti ya Mawazo iliyopunguzwa mikono. Omari hakuja. Mikono yake ilipona lakini hakupiga tena, alikwenda kwao Bagamoyo kulima mihogo. Nilikaa dirishani siku tatu. Machungwa yalikuwepo. Kuku walikuwepo. Asali ilikuwa ndani ya chupa za bia. Kila kitu kilikuwa pale alipokiweka, na kila nilichokiona nilikiona kwa mara ya pili. Uvinza treni ilisimama muda mfupi. Nilishuka nikapiga magoti kando ya reli, nikalamba ardhi. Kassimu alinivuta kola kunirudisha ndani, akaniuliza nina wazimu gani. Kigoma niliyaona maji yale mapana, nikayapa mgongo. Nilitakiwa kupiga mluzi ukumbini jioni hiyo, midomo ikagoma. Haijapiga mpaka leo. Bwana Zuberi akaniweka kwenye tumba, zile zile tatu, na ndizo zilizonilisha zaidi ya miaka thelathini. Jina la nne mnalo sasa, ni Mluzi, mtu anayeandika haya.

Siku hizi ghala halipo. Pamejengwa ghorofa la vioo, ndani wanauza vifuniko vya simu, na ukisimama chini hunusi kitu chochote isipokuwa plastiki. Bwana Zuberi amekufa, Kassimu amekufa, Shabani Kijiko yu hai, anaumwa miguu, na redio zikipiga zile nyimbo za zamani wanautaja wimbo wa treni kuwa ni wa kwake. Vijana hawafungiwi tena kambini. Wanatunga asubuhi, mchana wimbo uko kwenye simu za watu wote, na wapinzani wakiudaka wao wanafurahi. Nikiwaambia sisi tulifungwa kufuli ili wimbo usitoke, wananiona mzee anayetia chumvi.

Mwezi uliopita nilikuwa napita Mtaa wa Sikukuu mchana, nikasikia ngoma nyuma ya mlango wa chuma, chini kabisa ya ghorofa, mahali walipoweka studio. Ngoma ya mashine, lakini ngoma. Kijana anapaza sauti juu yake. Nje vibinti viwili vinacheza na kujirekodi. Nikagonga. Hawakusikia, nikagonga kwa jiwe mpaka walinzi wakanisogelea. Mlango ukafunguliwa kidogo, kichwa cha kijana kikatokeza, spika masikioni.

“Shikamoo mzee. Vipi, kelele?”

“Marahaba. Mko wangapi humo?”

“Wanne. Tunarekodi, mzee wangu.”

“Fungua mlango wote. Niwaone.”

Akawageukia wenzake, akacheka, “Oya, kuna mshua hapa anataka kutuhesabu.” Lakini alifungua. Nikawatazama mmoja mmoja, usoni, mmoja alikuwa amelala kwenye kochi. Nikasema mwamsheni. Wakamwamsha, akanitukana kidogo, akarudi kulala. Nikamshika paji la uso. Lilikuwa la baridi, kwa kiyoyozi.

“Haya,” nikasema, “endeleeni. Ila mlango muuache hivyo hivyo.”

“Sauti itatoka, mzee.”

“Itoke.”

Nilikaa kwenye ngazi nje mpaka walipomaliza.